Sinia Mlangoni: Safari ya Chakula kutoka Jiko la Hoteli hadi Chumba cha Mgonjwa

Katika hoteli na nyumba za wageni zilizo karibu na hospitali kubwa za Dar es Salaam, sehemu ya wageni si watalii wala wafanyabiashara. Ni wagonjwa waliotoka Kigoma, Songea, Mtwara au Visiwani, ambao matibabu yao hayahitaji kitanda cha wodi lakini hayawaruhusu kurudi nyumbani: anayepokea mionzi kila siku kwa majuma kadhaa, anayesubiri dozi inayofuata ya tibakemikali, anayesafishwa damu mara tatu kwa juma, mjamzito aliyeshauriwa akae karibu na hospitali hadi ajifungue. Wengi wao hawana nguvu ya kushuka ngazi kwenda kwenye ukumbi wa chakula. Hupiga simu mapokezi, huagiza, na baada ya muda mhudumu hubisha hodi akiwa amebeba sinia lililofunikwa.

Kuletewa chakula chumbani kulienea kama anasa. Hoteli ya Waldorf, iliyofunguliwa jijini New York mwaka 1893, ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa iliyoipa huduma hii umaarufu, na kwa miaka mingi ilibaki alama ya ukwasi: kifungua kinywa kitandani, kitambaa cheupe, kifuniko kinachong'aa. Kwa mgonjwa aliyetajwa hapo juu si anasa hata kidogo; ni njia pekee ya kupata mlo. Tofauti hii ina uzito wa kitabibu, kwa sababu jiko la hoteli limepangwa kumhudumia mtu mwenye afya. Halijui kwamba anayelala chumba cha mwisho kulia ana chembe nyeupe chache za damu, wala kwamba jirani yake amekwisha kujidunga insulini na anahesabu dakika. Mpishi husoma karatasi ya oda tu: wali, kuku, kachumbari, chai.

Kinachohesabiwa ni muda

Wagonjwa wakiulizwa wanahofia nini katika chakula cha namna hii, hutaja mikono ya mhudumu, nzi na vumbi la ujia. Hofu hizo zina msingi wake, lakini hazigusi penye hatari kubwa zaidi. Kutoka jikoni hadi chumbani ni dakika 5 au 10, pengine 20 lifti ikiwa mbovu, na katika muda huo bakteria hawapati nafasi ya kufanya jambo la maana. Hatari imo katika ncha mbili za safari: saa ambazo chakula kilikaa baada ya kuiva na kabla ya kupakuliwa, na saa ambazo sinia hukaa mezani chumbani baada ya mhudumu kuondoka.

Bakteria wengi wanaosababisha magonjwa ya chakula huongezeka kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi. Chini ya 5 uzazi wao hupungua sana. Juu ya 60 husimama, na chakula kikifika 70 hadi katikati yake wengi hufa upesi. Chumba cha hoteli, kiwe na kiyoyozi kilichowekwa kwenye 22 au feni inayozungusha hewa yenye joto la 31, kimo ndani ya eneo hilo la hatari. Kiyoyozi humstarehesha mgeni, hakihifadhi pilau. Shirika la Afya Duniani, katika Kanuni Tano za Chakula Salama, linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Hewa inapozidi nyuzijoto 32, mamlaka za afya za Marekani hupunguza muda huo hadi saa 1. Kwa pwani yetu katika miezi ya kaskazi, kipimo hicho cha pili ndicho chenye busara zaidi.

Saa hizo huanza kuhesabiwa chakula kinapotoka kwenye moto, si kinapofika mlangoni. Ndiyo maana oda ya usiku ina hatari kuliko ya mchana. Saa nne za usiku jiko kubwa limekwisha kufungwa, wapishi wameondoka, amebaki mmoja wa zamu. Oda ya sahani moja ikiingia, si rahisi awashe moto na kupika upya. Huchukua kilichobaki kwenye mlo wa jioni. Ikiwa wali ulikuwa kwenye kabati la joto lenye zaidi ya nyuzijoto 60, hakuna neno. Ikiwa ulikuwa ndani ya sufuria juu ya meza tangu saa moja, muda wake ulikwisha kabla simu haijapigwa, hata kama sahani inafuka moshi mbele ya mlaji.

Wali unahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba chakula kisicho na nyama hakiwezi kumdhuru mtu. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi udongoni, na mchele hutoka nao shambani. Wali unapochemka bakteria wenyewe hufa, lakini mbegu zao sugu, ziitwazo spora, hubaki hai. Sufuria kubwa ikipoa taratibu, spora huchipua, bakteria huzaana, na baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo sereulidi. Moto wa jikoni hauiwezi sumu hii. Maabara imeonyesha kwamba huhimili nyuzijoto 121 kwa dakika 90. Kwa hiyo wali ulioharibika hausalimiki kwa kukaangwa na vitunguu na mayai asubuhi yake. Mlaji hutapika baada ya saa 1 hadi 6. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona ndani ya siku moja bila dawa. Mgonjwa anayemeza dawa za kifafa, za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kuzuia mwili kukataa figo aliyopandikizwa hutapika pamoja na dozi zake, na hapo tatizo dogo la tumbo hugeuka kuwa tatizo la ugonjwa mkuu.

Haimaanishi kwamba kiporo ni sumu kwa asili yake. Wali uliotandazwa kwenye sinia pana ukapoa haraka, ukaingizwa kwenye jokofu ndani ya saa 1 au 2, na kesho yake ukapashwa moto mara moja tu hadi katikati, unalika. Unaodhuru ni ule uliolala sufuriani chini ya kifuniko, vuguvugu hadi alfajiri.

Kuna tukio ambalo walimu wa afya ya jamii hupenda kulitaja, na ni haki yao, kwani linaonyesha jinsi usafi wa sinia unavyoweza kumdanganya mlaji. Mwezi Februari 1975, ndege iliyotoka Tokyo kwenda Paris kupitia Anchorage, Alaska, iliwasili Copenhagen ikiwa na abiria 196 na mhudumu mmoja waliokuwa wakitapika na kuharisha. 144 walilazwa hospitalini. Uchunguzi ulirudi nyuma hadi kwenye jiko la Anchorage, ambako mpishi mmoja alikuwa na vidonda vidoleni vyenye bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Vipande vya nyama ya nguruwe alivyovishika, vilivyoliwa pamoja na kimanda cha mayai, vilikaa kwa saa kadhaa katika joto la chumba, vikalala usiku katika ubaridi usiotosha, kisha vikapashwa moto ndani ya ndege. Kupasha moto kuliwaua bakteria na kuiacha sumu yao, kwani nayo ni ya aina isiyovunjwa na moto wa kawaida. Kila abiria alipokea chakula cha moto katika sinia safi lililofunikwa vizuri.

Kifuniko, hotipoti na friji ndogo

Watu wa pwani wamefunika chakula kwa kawa tangu enzi, na kawa ile ya ukindu hufanya kazi mbili kwa ukamilifu: huzuia nzi na vumbi, na huruhusu mvuke kutoka. Kifuniko cha chuma cha hotelini huzuia nzi vilevile, na hushika joto kwa dakika kadhaa, si zaidi. Mgonjwa anayeliacha sinia limefunikwa kwa sababu amelala au kichefuchefu kimemzidi asidhani kwamba kifuniko kinamlindia mlo. Akiamka baada ya saa tatu, chakula kile hakifai tena, na wala asimwonee haya mhudumu anapomrudishia sahani iliyojaa.

Kinachosaidia kweli ni hotipoti. Familia nyingi za Kitanzania zinayo, na hoteli nyingi hazikatai kupakua chakula ndani ya chombo cha mgeni mwenyewe akieleza kwamba ni mgonjwa. Hotipoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka, ikajazwa chakula cha moto sana na kufungwa mara moja, huongeza muda wa usalama. Lakini chombo hicho hakipashi. Hukawiza kupoa tu. Joto likishuka chini ya 60, kuta zake nene hugeuka kitanda kizuri cha bakteria, kwa kuwa huwatunzia uvuguvugu wanaoupenda. Mfadhaiko mdogo wa kidole ni kipimo cha kutosha kwa mtu asiye na kipimajoto: kijiko cha mchuzi kinachoweza kushikwa mdomoni bila kupulizwa hakina tena joto linalolinda.

Friji ndogo ya chumbani huaminiwa kupita uwezo wake. Nyingi zimetengenezwa kupoza soda na maji, si kuhifadhi chakula, na haziwezi kushuka hadi nyuzijoto 5 chumba kikiwa na joto. Aidha, katika baadhi ya hoteli umeme wa chumba hukatika mgeni anapochomoa kadi ya mlango, na friji huzimika pamoja na taa. Mgonjwa hutoka saa moja asubuhi kwenda kliniki, hurudi saa tisa alasiri, na hukuta nusu ya samaki wake wa jana ikimsubiri kwenye friji iliyozimwa kutwa nzima kisha ikawaka aliporudi. Ni vema aulize mapokezi kama soketi ya friji hubaki na umeme. Swali hilohilo linamhusu zaidi mwenye insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban majuma 4 ikiwa joto halizidi 25 au 30 kutegemea aina, kama karatasi yake inavyoeleza. Isigusane na ukuta wenye barafu. Insulini iliyoganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka inaonekana kama kawaida.

Sindano kabla ya sahani

Hapa ndipo huduma ya chumbani inapoweza kuua kwa muda mfupi kuliko bakteria yeyote. Insulini mumunyifu, na ile ya mchanganyiko ambayo wagonjwa wengi nchini hupewa, hudungwa takriban nusu saa kabla ya kula. Nyumbani ratiba hiyo haina shida: mke au dada yuko jikoni, harufu ya mchuzi inasikika. Hotelini mgonjwa hupiga simu, huambiwa "dakika ishirini tu," naye kwa utii wa maelekezo ya kliniki hujidunga palepale. Gesi inaisha, au kundi la wageni 40 linaingia ukumbini, na dakika ishirini zinakuwa themanini. Insulini haisubiri.

Maelekezo yanayofaa kwa mgonjwa aliye safarini ni tofauti na ya nyumbani: asidunge hadi sinia liwe mbele yake. Kuchelewa kudunga kutapandisha sukari kwa saa chache, jambo linalorekebishika. Kuwahi kudunga bila chakula kunaweza kumpotezea fahamu akiwa peke yake, mlango umefungwa kwa ndani. Awe daima na kitu cha sukari kitandani, kisichotegemea jiko la mtu. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akichanganyikiwa, au kipimo kikionyesha chini ya 3.9 mmol/L, achukue takriban gramu 15 za sukari, yaani vijiko vinne vidogo kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15, na kurudia ikiwa bado iko chini. Soda isiyo na sukari haina msaada wowote hapa, ingawa ndiyo ambayo mhudumu mwenye nia njema humletea aliyejitambulisha kuwa ana kisukari.

Wanaomeza glibenklamidi wako katika hatari hiyohiyo, na mara nyingi hawajaambiwa. Kwao sukari ikishuka inaweza kushuka tena na tena kwa saa 24 au zaidi, hasa figo zikiwa dhaifu. Baada ya kuzinduka wapelekwe hospitali wakaangaliwe, wasiachwe walale.

Glasi ya kumkaribisha mgeni

Vinywaji vina mambo yake. Barafu ni maji, na kuganda hakuui vijidudu vilivyomo. Juisi ya embe iliyosagwa kwa maji ya bomba ina usalama wa bomba hilo. Katika majira ya kipindupindu, kama yale yaliyoanza Dar es Salaam Agosti 2015, chai na maji ya chupa yaliyofunguliwa mbele ya mgeni ndivyo vinywaji visivyo na mjadala. Birika la umeme lililomo chumbani ni msaada mkubwa kuliko linavyothaminiwa.

Lakini kwa mgonjwa wa figo hatari haimo katika vijidudu. Imo ndani ya kinywaji kilicho safi kabisa. Dafu linaloletwa na hoteli kumkaribisha mgeni lina potasiamu nyingi: glasi ya mililita 250 hubeba takriban miligramu 600, wakati ambapo anayesafishwa damu mara nyingi hutakiwa asizidishe miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima kutoka kwenye vyakula vyote. Juisi ya machungwa, ndizi za kupikwa na maharage huongeza juu yake. Potasiamu ikipanda sana husimamisha moyo bila kutanguliwa na maumivu. Mgonjwa huyu anapaswa kukataa dafu kwa adabu, hata kama limekwisha kukatwa, na hasa mwishoni mwa juma, ambapo siku za kungoja kusafishwa huwa ndefu zaidi.

Kinga ikiwa chini

Mtu aliyepata tibakemikali kwa kawaida hufikia kiwango cha chini kabisa cha chembe nyeupe kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo ndizo anazokuwa hotelini, kwani wodi imemruhusu. Kwa miaka mingi wagonjwa hawa walikatazwa matunda na mboga mbichi zote, na wapo wanaoendelea kukatazwa. Tafiti zilizolinganisha makundi mawili hazikuonyesha kwamba katazo hilo hupunguza maambukizi, na hasara yake ni dhahiri: mgonjwa ambaye tayari hana hamu ya kula hunyimwa chungwa ambalo ndilo pekee linalopita kooni. Maelekezo ya sasa yanaelekea kwenye usafi wa maandalizi kuliko marufuku. Tunda linalomenywa na mgonjwa mwenyewe, kwa mikono iliyonawa na kisu kilichooshwa, halina ubaya. Kachumbari iliyokatwa na mtu asiyejulikana, kwa saa isiyojulikana, kwenye ubao uliotumika kukata kuku, ni jambo jingine, na iachwe. Mayai yaive hadi kiini kigande. Maziwa yawe yaliyochemshwa, na mtindi uwe wa kiwandani.

Mgonjwa huyu akipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, kwa usiku wowote na saa yoyote, asingoje kliniki ya asubuhi. Aende hospitali aliyotibiwa, na aseme tangu mlangoni kwamba yuko kwenye tibakemikali.

Mjamzito ana adui wake mahususi, Listeria, bakteria anayeendelea kukua hata ndani ya friji nzuri na anayeweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mfu. Hupatikana katika nyama baridi za kukatwa vipande, samaki wa kukaushwa kwa moshi anayeliwa bila kupikwa, na jibini laini la maziwa yasiyochemshwa. Yaani vile vinavyopangwa kwenye sinia la kifungua kinywa cha kigeni. Chapati, uji na maharage ya moto vinamfaa zaidi.

Mzio na jodari

Oda ya simu hupita midomo mitatu: ya mgeni, ya mtu wa mapokezi, ya mpishi. Neno "karanga" linaweza kupotea njiani, hasa kwa kuwa nchini kwetu karanga haionekani. Imesagwa ndani ya mchicha, ndani ya mchuzi, ndani ya kisamvu. Mwenye mzio mkali aandike mwenyewe kwenye karatasi, iambatishwe na oda, na amwulize mhudumu tena sinia likifika. Watumishi wa afya wanaoitwa chumbani kumhudumia mtu aliyevimba midomo na kukosa pumzi wakumbuke kwamba dawa ya kwanza ni adrenalini, miligramu 0.5 ya msuli wa paja upande wa nje kwa mtu mzima, irudiwe baada ya dakika 5 ikihitajika. Sindano ya haidrokotisoni na vidonge vya mzio huja baadaye na havichukui nafasi yake.

Kuna hali nyingine inayofanana na mzio nayo si mzio. Jodari, nguru na vibua wasipowekwa kwenye barafu mara baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza sehemu ya protini ya nyama yao kuwa histamini. Kupika hakuiondoi. Ndani ya dakika chache hadi saa moja mlaji huwa mwekundu usoni na shingoni, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio. Wengine husema samaki alikuwa na ladha ya pilipili manga. Dawa za kuzuia histamini humtuliza upesi. Tatizo kubwa huja baadaye, anapoandikiwa kwenye faili lake kwamba ana mzio wa samaki, na kwa miaka yote inayobaki huacha chakula bora na cha bei nafuu kwa kosa la barafu ya mvuvi. Ikiwa watu wawili waliokula samaki yuleyule wamepata dalili zilezile, na mgonjwa amekuwa akila samaki miaka yote bila shida, cheti hicho kisiandikwe.

Mikono, na sinia linaporudi

Watumishi wa majiko hutakiwa kuwa na cheti cha afya. Ni sharti zuri, lakini cheti cha mwezi uliopita hakisemi kitu kuhusu tumbo la leo asubuhi. Lenye faida zaidi ni agizo la kwamba anayeharisha au kutapika asiingie jikoni wala kubeba sinia hadi zipite saa 48 tangu dalili zikome. Agizo hilo halitekelezeki mahali ambapo siku ya kutokuja kazini ni siku isiyolipwa, na meneja anayelipandika ukutani bila kutazama daftari la mishahara anapoteza karatasi.

Safari ya kurudi husahauliwa. Mgonjwa mwenye norovirusi hutapika, hugusa kijiko, huweka sinia nje ya mlango, na mhudumu hulichukua juu ya mengine masafi. Virusi vichache mno, pengine chini ya 100, vyatosha kumwambukiza mtu. Katika karamu moja ya hotelini nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, mgeni mmoja alitapika mezani, na waliokaa karibu naye waliugua kwa wingi kuliko waliokaa mbali, ingawa wote walikula chakula kilekile. Vitakasa mikono vya spiriti haviwezi vizuri virusi hivi. Sabuni na maji yanayotiririka hufanya kazi bora, na sehemu iliyotapikiwa huhitaji dawa ya klorini. Mgonjwa aliyetapika awaambie wahudumu. Si aibu, na sinia lake lichukuliwe peke yake.

Hospitali nazo zimeazima desturi hii. Badala ya kupitisha toroli kwa saa maalumu, baadhi ya hospitali za Marekani, na tangu 2013 Hospitali ya Mater ya Brisbane nchini Australia, humruhusu mgonjwa kuagiza kwenye orodha anapojisikia kula, na chakula hupikwa baada ya oda. Ripoti za Brisbane zilionyesha kwamba wagonjwa walikula nishati na protini zaidi, na chakula kilichotupwa kilipungua. Wodi zetu, ambako ndugu huleta hotipoti saa za kutembelea wagonjwa, ziko mbali na mpango huo, lakini zina jambo moja la pamoja nao: chakula hufika kikiwa cha mtu mmoja, kwa saa aliyoitaka. Pungufu ni kwamba hakuna anayeandika kilipikwa saa ngapi.

Katika chumba cha daktari

Mgonjwa wa kutapika na kuharisha anayelala hotelini huulizwa alikula nini. Swali lenye mavuno zaidi ni saa ngapi: chakula kililetwa saa ngapi, kililiwa saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 huelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa, na antibiotiki hazina kazi. Kuharisha na kusokotwa tumbo bila homa baada ya saa 6 hadi 24 hufanana na Clostridium perfringens, bakteria wa sufuria kubwa za nyama zilizopoa polepole. Homa na kuharisha baada ya siku 1 hadi 3 huleta fikra ya Salmonella. Homa ya matumbo huchukua siku 6 hadi 30, kwa hiyo hoteli inayolaumiwa leo inaweza isiwe yenye kosa. Mlo wa mwisho hulaumiwa karibu kila mara, na mara nyingi huonewa.

Tiba kwa wengi ni maji yenye chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa mnyweo mdogo mdogo hata kama anatapika, na zinki kwa watoto. Damu kwenye kinyesi, homa kali, kutopata mkojo, kinyesi kama maji ya mchele, au dalili zozote kwa mjamzito, mzee, mtoto mchanga na mwenye kinga dhaifu humtoa mtu kwenye kundi la wanaotibiwa chumbani.

Wakiugua wawili au zaidi kutoka hoteli moja, afisa afya wa kata au wa wilaya ajulishwe siku hiyohiyo, kwa simu, bila kungoja majibu ya maabara. Chakula kilichobaki kisitupwe kwa hasira wala kwa aibu. Kiwekwe kwenye mfuko safi uliofungwa, kiandikwe tarehe, saa kilipoletwa na saa kilipoliwa, kisha kikae kwenye jokofu mahali pa ubaridi, si pa kugandisha, kwa sababu kugandisha huua baadhi ya bakteria ambao maabara itawatafuta. Sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza cha antibiotiki, ikiwa kipo.